Waya Tuliyoanikia Nguo

Mwanangu Nafula,

Barua za watu huanza kwa kutumaini kwamba zitamkuta mwenzao akiwa mzima. Hii haina safari ya kutumainia. Itakukuta humu humu ndani, juu ya sanduku lako, na kama utakuwa mgonjwa nitakuwa nimeshakusikia ukikohoa. Wewe na mama yako mmekwenda sokoni Misikhu kununua godoro na ndoo, na ninavyomjua mama yako kwa kubishana bei, nina saa mbili, labda tatu. Nimeketi barazani kwenye cherehani. Nimeondoa suruali ya mtu, nimeweka karatasi. Mawingu yanakusanyika upande wa Mlima Elgon na lile bati la pembeni limeanza kugonga. Ko. Linanyamaza. Halafu ko tena. Nimeinuka mara mbili kwenda kulitazama na mara mbili nimerudi kuketi, kwa sababu nikianza na bati sitaandika.

Mambo ya kufunga bweni, kuandika jina kwenye ndoo, kutoazima shuka, mama yako atakwambia, kisha atakwambia tena. Mimi nina jambo moja tu. Nataka kukueleza kwa nini paa la nyumba hii lilienda na upepo. Lawama ya paa lile umeibeba tangu darasa la saba, na kesho utapanda gari kwenda chuo Kitale ukiwa bado umeibeba, na si yako. Ni yangu.

Hapo. Nimeandika. Sasa ngoja nianze mwanzo, maana nikieleza kwa kurukaruka nitajipendelea.

Unakumbuka Matisi, tulikopanga. Chumba kimoja, pazia katikati, cherehani mlangoni, na mwenye nyumba aliyebisha hodi kwa mti wa ufagio kila mwisho wa mwezi. Niliapa kwamba siku moja nitalala mahali ambapo hakuna mtu wa kunibishia hodi kwa ufagio. Shamba la babu yako lilikuwa hapa, na mimi nilikuwa na mikono. Kuta tulijenga na majirani. Nguzo, fito, udongo. Wanawake walichota maji, wakakanyaga udongo, wakakandika kuta zote, nawe ukiwa kati yao, matope hadi magotini, unaimba kuliko wote. Hakuna aliyesema mwanamke asiguse ukuta. Ni paa tu.

Kwa paa nilimwita fundi Simiyu wa Mabanga, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu hata juani. Mimi nami nikajifanya fundi wa pili. Si ni kupima na kukata? Nimepima na kukata maisha yangu yote. Nikatoa tepi yangu ya cherehani, ile ya kitambaa, nikapima boriti zote. Simiyu alinitazama hivi, akaendelea na kazi yake. Tepi ile ilikuwa imevutwa kwenye viuno vya watu kwa miaka kumi, Nafula. Ilikuwa imerefuka. Boriti zikawa sawa zote, nzuri kabisa, mpaka tulipoyatandika mabati ya kwanza tukaona yamepungua vidole vitatu. Dukani hawapimi kwa tepi yangu.

Simiyu akacheka siku hiyo, mara ya kwanza na ya mwisho. Akasema, "Mzee, hii si kaptula ati utakunja upindo. Na hii mbao bado ni mbichi bana. Wacha ikauke hata wiki mbili. Halafu kila boriti tufunge na waya kwa nguzo. Upepo ya hapa haichezi."

"Waya si nimenunua? Iko hapo," nikamwambia.

"Kununua si kufunga."

Neno hilo lilinichoma. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, akakusanya vyombo vyake akaenda. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, wala si kwenye tepi. Tepi ni kuchekesha tu. Ningeweza kumfuata Simiyu. Ningeweza kufunga ile waya mwenyewe, kazi ya siku moja na koleo. Lakini keshokutwa yake ilikuwa Jumapili, na watu wote wakitoka kanisani hupita barabara ile. Nilitaka wayaone mabati yaking'aa. Basi Jumamosi mimi na jirani mmoja tukapigilia mabati juu ya boriti zilizoshikwa kwa misumari mitupu, na waya ikabaki imeviringwa kwenye msumari, mpya, haijaguswa.

Walipita. Walisimama. Pasta alivua kofia akasema Mungu amenikumbuka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi langu lilikuwa limeshatiwa maji tayari, na sifa zikaja hivyo hivyo, nikazipokea.

Jumatatu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na Matisi watu walikuwa wananitafuta kwa yunifomu. Nikaenda. Nikasema waya nitafunga nikirudi. Niliporudi nikakuta mama yako ameifungua, ameivuta kutoka jikoni hadi kwenye mpera, ameanika nguo. Nitakwambia nilichohisi, na sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi. Kazi ilikuwa imeniondokea yenyewe. Wewe ulikuwa unafua. Ukaniuliza, "Baba, si hii ndiyo waya ya paa?"

Nikakwambia, "Maliza kufua."

Ngoja. Upepo umegeuka. Nimekwenda kutazama barabarani, hamjafika.

Yaliyofuata unayajua upande wako. Upande wangu niliyapata kwa kusimuliwa. Nikiwa Matisi mvua ilianza, na paa likavuja juu ya kitanda cha mama yako, kwa sababu misumari nayo niliipiga vibaya, kwenye bonde la bati badala ya mgongo, hata maji yalipewa njia. Wewe ukasubiri jua litoke. Ukakata tyubu ya baiskeli vipande vipande, ukachukua nyundo, ukaegemeza ngazi. Hakukuwa na wa kuishika. Ukapanda. Ukang'oa, ukapigilia upya na kipande cha mpira chini ya kila msumari, na ndipo senge yako Robai, yaani shangazi yako, dada yangu mkubwa, akapita na mboga zake za sukuma kichwani.

"Wewe! Shuka hapo! Msichana anapanda nyumba ya babake? Unataka kumkalia kwa kichwa akufe?"

"Senge, inanyesha kwa kitanda ya mama."

"Hata kama inanyesha kwa Biblia! Shuka!"

Mama yako aliponisimulia hilo la Biblia nilicheka hadi nikaweka kikombe chini. Kwamba kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba, hilo nililijua tangu utoto, kama ninavyojua kwamba mkono wa kulia ndio wa kusalimia. Sikuwahi kuuliza. Wala sikukukasirikia sana. Nilikwambia usirudie, nawe ukaitikia, na kitanda cha mama yako kikawa kikavu. Jambo lingeishia hapo.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nyumbani, hapa hapa nilipo sasa, nashona mfuko wa shati. Wingu lilikuwa kama hili la leo. Sijui kueleza ile sauti. Kwanza ilikuwa nyumba ikivuta pumzi, halafu misumari ikaanza kulia mmoja mmoja, halafu mwanga ukaingia ndani mahali ambapo haujawahi kuingia. Paa liliinuka karibu lote, likasimama kidogo, likaangukia mahindi ya jirani. Nililikimbilia. Sikiliza, Nafula: nililikimbilia paa. Wewe na mama yako mlikuwa ndani, chini ya meza, na mimi nilikimbia kwanza kwenye mabati.

Hakuna aliyeumia. Watu husema hivyo.

Wakaja wote, mvua ikiwanyeshea. Ukuta wa sebuleni ulikuwa unayeyuka mbele ya macho yetu. Senge akasimama pale kwenye mpera, mikono kiunoni, akasema, "Si nilisema? Si nilisema mimi?" Wote wakageuka kukutazama. Na wewe hukumtazama senge. Hukuwatazama majirani. Ulinitazama mimi. Ulingoja. Nguo zilikuwa bado ziko kwenye waya, zinapigwa na mvua, umbali wa hatua nne kutoka nilipokuwa nimesimama.

Nilikuwa na neno moja la kusema. Nikainama nikaanza kuokota misumari.

Asubuhi yake nilipanda kuona kilichobaki. Pembe moja haikuwa imeondoka, ile ya juu ya kitanda cha mama yako. Nilidhani ni bahati. Nikasogea, nikaona. Boriti mbili zilikuwa zimefungwa kwenye nguzo, kila moja mizunguko minne ya waya, imekazwa kwa koleo, ncha zimekunjwa ndani zisimkwaruze mtu. Ulikata ule mkia wa waya uliobaki nyuma ya mpera. Ulikuwa umemtazama Simiyu akionyesha kwa mikono, kabla sijamfukuza, ukashika. Mtoto wa darasa la saba. Ulifunga mbili kwa sababu waya ilitosha mbili, na zile mbili zikashika.

Unajua nilichofanya? Hujui, na ndicho kilichonikalisha hapa. Nilishuka nikachukua koleo. Nikapanda tena nikazikata. Nikatia vipande mfukoni, kwa sababu mtu yeyote angepanda pale angeuliza, hizi mbili zimefungwa, mbona zile nyingine hazikufungwa? Na jibu lingekuwa jina langu.

Baadaye mzee wa ukoo akaitwa. Akachinjwa kuku. Ukasimamishwa mlangoni, mlango usio na paa juu yake, ukaambiwa useme mbele ya watu kwamba hutapanda tena nyumba ya babako. Ulisema. Ulisema vizuri sana, kwa adabu, na vipande vya waya vilikuwa mfukoni mwangu vinanichoma paja. Ukalala kwa senge hadi nyumba ilipoezekwa upya. Simiyu nilimrudia, nikaomba msamaha, akaja, akafunga kila boriti. Mwisho akauliza, "Na ile pembe ilibaki aje?"

"Bahati," nikasema.

"Haya. Bahati." Akavaa kofia yake akaenda.

Niliingiza vipande vile kwenye mkebe wa vifungo, chini kabisa. Vimekaa humo miaka yote hii. Umewahi kuuchokora mkebe ule mara ngapi ukitafuta kifungo cheupe? Kila mara nilitamani uvione na nikaomba usivione.

Wewe ulibadilika. Watu hawakuona kwa sababu uliendelea kucheka. Lakini zamani ulikuwa ukiona kigoda kinayumba unakigeuza miguu juu, redio ya mama yako uliifungua kwa kisu na ikapona. Baada ya pale hukushika nyundo. Bati likilegea ulikuwa unakuja kunitafuta: "Baba, bati limelegea." Halafu unasimama chini, mikono nyuma. Ukakaa nami kwenye cherehani, ukashona, na unashona vizuri, nami nikajisifu kwa watu kwamba mtoto amefuata kazi ya babake.

Halafu juzi fomu ya chuo ikawa mezani. Sikuwa nachungulia, au nilikuwa nachungulia, sijali. Pale pa kuandika kozi umeandika ushonaji. Lakini mimi ni fundi wa nguo. Najua mahali uzi ulipita ukatolewa, matundu hubaki. Niliiinua fomu kwenye mwanga. Chini ya ushonaji palikuwa na neno la penseli lililofutwa. Ujenzi.

Usiku ule ule nilimwambia mama yako yote, waya, koleo, mkebe. Sikuweza kuendelea kulala kando yake nikiwa na siri ile. Asubuhi aliwasha moto. Akasema, "Na mtoto ulikuwa unangoja aende ndiyo umwambie?" Nilijaribu kukwambia jana ulipokuwa unapiga pasi, nikaishia kukuuliza kama makaa yanatosha. Mdomo wangu ni wa kusema habari za bei na za mvua. Ndiyo maana ya karatasi.

Mvua imefika kwa jirani. Naisikia juu ya mabati yake, yetu bado. Mkono unanikimbia sasa, utanisamehe hati mbaya.

Sitaki kukufunza kitu, Nafula, sina cheti. Lakini haya nimeyalipia na unaweza kuyachukua bure. Nilidhani sikusema uongo, kwa sababu sikufungua mdomo. Kumbe uongo wa kusema una afadhali, mtu anaweza kurudi akasema, lile neno nalirudisha. Wa kunyamaza hauna neno la kurudisha. Unakua tu, unakula nyumbani kwako. Na jambo la pili: sisemi mila za watu ni upuzi. Senge yako aliogopa kweli, aliogopa mimi nife, na huo ni upendo wa aina yake, japo una kelele. Aliyejificha nyuma ya mila bila kuiogopa ni mimi. Kama utamkasirikia mtu, anza na mimi, na ukifika kwa senge uwe umechoka.

Kukupenda nilikupenda. Nikuandikie wazi, maana nikingoja kusema nitauliza tena habari za makaa. Nilikupenda ile siku pia, nikiokota misumari. Ndicho kinachonitia hofu, kwamba mtu anaweza kupenda hivyo na bado akainama.

Sasa sikia mambo ya kesho, upesi, nimeona mwavuli wa mama yako kule kwenye kona.

Senge nimemwomba aje asubuhi mapema kukuombea kabla hujaondoka. Atakuja na yule mama mwenzake wa kanisa, hawezi kuja peke yake mahali penye habari. Vizuri. Kabla ya sala nitasimama mlangoni, pale pale uliposimamishwa, na nitasema yaliyo kwenye barua hii, na vipande viwili vya waya nitakuwa navyo mkononi. Naogopa. Lakini nitasema, na nikikwama, wewe soma kwa sauti kuanzia hapo nilipokwama. Huna lazima ya kunisamehe mbele ya watu. Huna lazima hata baadaye.

Fomu iko ndani ya sanduku, kando ya soksi. Niliwapigia chuoni, wanasema kozi inaweza kubadilishwa wiki ya kwanza. Nimeweka penseli. Ukiacha ushonaji ubaki nitafurahi, mradi uwe umebaki kwa kupenda kwako.

Na lile bati linalogonga. Mama yako amenipigia kelele wiki nzima, mbona huligongi msumari? Nimeliacha makusudi. Ngazi nimeiegemeza upande wa barabarani, mahali anapoonekana kila anayepita. Nyundo iko chini yake, nimeifunika na karai. Misumari iko kwenye mkebe, na vipande vya tyubu nimekata mwenyewe, nimekata kwa makasi ya kitambaa, usimwambie mtu. Nikishasema yangu, panda ukitaka. Usipotaka nitapanda mimi na magoti yangu haya na hakuna atakayekuuliza.

Lakini ukipanda, usitazame nyuma kuona nani anasema nini. Ile siku ya kwanza ulipanda na hakukuwa na mtu wa kukushikia ngazi. Kesho nitaishika mimi.

Mmefika. Nakusikia ukicheka godoro limelowa.

Babako